Lori Linapogoma Alfajiri ya Julai

Kila ifikapo Juni, mafundi wa magari makubwa hapa Nairobi huanza kupokea lalamiko lilelile kutoka kwa madereva wanaolala milimani: lori lilikuwa likiwaka bila shida tangu mwanzo wa mwaka, na sasa limeanza kugoma alfajiri. Lawama yote hutupiwa baridi. Dereva huilaani, mwenye lori huilaani, na tanboi aliyesukuma hadi mikono ikafa ganzi naye huilaani. Nimeishi na malori haya, nikiwa mwenye lori na pia mtu anayelala ndani yake, muda wa kutosha kusadiki kwamba lawama hiyo si ya haki. Baridi yetu haina nguvu ya kuizuia injini ya dizeli isiyo na ubovu isiwake. Inachofanya ni kufichua ubovu uliokuwepo tangu Januari, ambao joto la mchana lilikuwa likiusitiri.

Ninazungumzia malori ya zamani, yale yenye pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta, ambayo bado hubeba kabichi, viazi na karoti kutoka Njabini, Engineer na Kinangop Kaskazini, huko Nyandarua, yakapita njia panda ya Flyover, yakaingia barabara kuu ya Nakuru na kufika soko la Wakulima, ambalo wengi wetu tunaliita Marikiti, kabla wachuuzi hawajamaliza kununua. Lori la namna hiyo hulazimika kuwaka saa nane au saa tisa usiku, katika mwinuko wa takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi tano, na mara nyingine sakitu ikatanda juu ya majani. Nairobi yenyewe, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, huwa na nyuzi 10 au 12 katika usiku wa mwezi huohuo. Lori huegeshwa uani kwa mkulima au kando ya duka lililofungwa. Hakuna soketi ya umeme karibu, na hata ingekuwepo, lori halina kifaa cha kuchomeka.

Kifaa hicho kipo katika nchi za baridi kali. Andrew Freeman, mkazi wa mji wa Grand Forks katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, alipewa hataza ya hita ya injini mwaka 1949, na tangu wakati huo watu wa huko na wa Kanada wamezoea kuyachomeka magari yao kwenye umeme usiku kucha ili bloku ya injini isipoe kabisa. Kule joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, dizeli ya kawaida hutoa nta inayoziba filta, na oili huwa nzito kiasi kwamba stata haiwezi kuizungusha injini. Baridi ya namna hiyo inaweza kuishinda hata injini iliyotoka kiwandani. Kati ya usiku wa huko na usiku wa Kinangop kuna tofauti ya nyuzi zaidi ya 30, na ndiyo maana sipendi kuona ushauri wa watu wa huko ukichukuliwa mzima mzima na kupewa dereva wa Nyandarua, ambaye tatizo lake ni jingine.

Ili kuona tatizo hilo liko wapi, ni lazima kuelewa jinsi dizeli inavyowaka. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake iliyofanikiwa ilijaribiwa mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alitegemea jambo moja: hewa ikibanwa kwa kasi hupata joto, na joto likizidi kiwango fulani, mafuta yanayopulizwa ndani yake hujiwasha yenyewe. Chukua injini inayoibana hewa hadi sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake. Hewa ikiingia na nyuzi 30, kwa hesabu inayokubali kwamba joto kiasi hupotea njiani, itafika takriban nyuzi 470 mwishoni mwa mgandamizo. Ikiingia na nyuzi tano, itafika takriban 410. Tofauti ya nyuzi 25 mlangoni imekuwa tofauti ya nyuzi 60 ndani, na hiyo si ndogo. Lakini dizeli huanza kujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi, na ingawa ndani ya silinda, ambamo muda ni mfupi mno, inahitaji joto kubwa kuliko hilo, nyuzi 410 bado ni akiba ya kutosha.

Mwinuko nao hupunguza akiba hiyo. Kwenye mita 2,500 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Joto la mwisho halibadiliki sana, kwa kuwa linategemea hewa imebanwa mara ngapi, lakini hewa yenyewe ni chache, hivyo joto lake humezwa upesi na kuta za silinda zilizopoa, na mafuta huchelewa zaidi kushika moto. Lori lililozoea barabara za bondeni likipelekwa Kinangop hukutana na baridi na mwinuko kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, hesabu hiyo yote inachukulia kwamba injini inazunguka kwa kasi inayostahili na kwamba hewa haitoroki. Stata ikizungusha polepole, hewa hupata muda wa kupenya kwenye ringi za pistoni zilizochakaa na muda wa kupoteza joto lake kwenye chuma. Ringi zikiwa zimeisha na betri zikiwa dhaifu, makosa hayo mawili hushirikiana, na zile nyuzi 410 za kwenye karatasi hazipatikani kamwe ndani ya silinda. Hapo ndipo akiba inapoliwa.

Dereva mmoja mkongwe wa Engineer, ambaye sote tulimwita Guka, hakumruhusu mtu kupiga stata mara ya tatu bila kujua anachotafuta.

“Kijana wangu, uache huo ufunguo,” alikuwa akiniambia. “Nenda nyuma ukaangalie ekzosi wakati mwenzako anapiga stata, kisha urudi uniambie umeona nini.”

“Guka, hakuna moshi hata kidogo.”

“Basi baridi haihusiki hapo. Mafuta hayajafika.”

Sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho, na hakigharimu chochote. Injini ikizungushwa bila kuwaka na ekzosi haitoi moshi wowote, nozeli hazipulizi mafuta, na kila dakika inayotumika kuhangaika na joto ni dakika iliyopotea. Ikitoa moshi mweupe au wa kijivu unaowasha macho, mafuta yanaingia lakini hayapati joto la kuyawasha, na hapo ndipo mazungumzo kuhusu baridi, hita, mgandamizo na betri yanapoanza kuwa na maana. Madereva wengi hawatofautishi hali hizi mbili, kwa kuwa zote mbili hutokea alfajiri, na alfajiri ni baridi.

Kutokuwepo kwa moshi mara nyingi husababishwa na hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Mahali padogo palipolegea, ambapo hapavuji hata tone mchana, huruhusu hewa kupenya usiku, na mafuta hurudi taratibu kwenye tangi hadi pampu ikabaki kavu. Mipira na oringi zilizozeeka hukakamaa na kusinyaa zikipoa, na kwa sababu hiyo ugonjwa huu huzidi Julai na kumfanya dereva aamini kwamba ni baridi. Kagua oringi ya filta, washa za shaba kwenye viungo, na ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo katika malori mengi haijabadilishwa tangu lori liingie nchini. Ukiibonyeza alfajiri ukaikuta laini na tupu, kisha ikakaza baada ya kubonyezwa mara kadhaa na lori likawaka bila shida, umepata jibu. Fundi makini huweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu na kukiacha hapo usiku mmoja. Mapovu yakionekana asubuhi, hakuna la kubishania. Sikiliza pia solenoidi ya kukata mafuta, vali ndogo ya umeme iliyo kwenye pampu, ufunguo unapofunguliwa. Isipotoa mlio mdogo wa kugonga, pampu imefungwa, na unaweza kupiga stata hadi betri ziishe.

Moshi mweupe hutupeleka kwenye hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini kabla haijawaka. Injini za zamani zenye chumba kidogo cha kuanzia mwako, kama ile ya 1HZ ya lita 4.2 ambayo Toyota iliifunga kwenye Land Cruiser, hubana hewa zaidi ya mara 22, lakini chumba hicho kidogo kina kuta nyingi za chuma zinazonyonya joto, ndiyo maana kila silinda hupewa hita yake. Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni hupoteza joto kidogo kuliko hizo, na baadhi yake huwaka milimani bila msaada wowote. Wazee waliolima kwa trekta za Massey Ferguson 135 watakumbuka mpango mwingine, Thermostart, unaochoma mafuta kidogo ndani ya manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa, ili hewa iingie ikiwa na joto tayari. Ni muhimu kujua injini yako ni ya aina gani kabla ya kununua chochote, kwa maana nimeona watu wakitafuta hita plagi za injini ambayo haikuundwa nazo.

Taa ya hita kwenye dashibodi haithibitishi kitu. Taa hiyo huonyesha tu kwamba kisanduku cha muda kimetoa amri. Haijui kama umeme umefika kwenye plagi, wala kama plagi zenyewe zinapata moto. Relei inaweza kuwa imeungua, fyuzi kubwa inaweza kuwa imekatika, na plagi tatu kati ya nne zinaweza kuwa zimekufa huku taa ikiendelea kuwaka na kuzima kwa utii. Ondoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha plagi zote, kisha pima kila moja kwa mita kati ya kichwa chake na bloku. Iliyo nzima huonyesha ukinzani mdogo, kwa kawaida chini ya omu moja au omu chache, na iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Ukienda kununua mpya katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, soma volti zilizochapwa kwenye mwili wa plagi kabla ya kutoa pesa. Plagi ya volti 12 iliyofungwa kwenye mfumo wa volti 24 huwaka kwa fahari mara chache, kisha huungua, na ncha iliyovimba inaweza hata kukataa kutoka kwenye kichwa cha silinda. Badilisha zote pamoja. Kubadilisha moja kila inapokufa ni njia ya kulala barabarani mara nyingi kwa bei ileile.

Sasa nifike kwenye betri, ambako kwa maoni yangu ndiko ushindi mwingi hupatikana au kupotezwa. Betri ya risasi na asidi iliyojaa kabisa hupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake kwenye nyuzi sifuri, ikilinganishwa na nyuzi 25. Kwenye nyuzi tano hasara ni ndogo kuliko hiyo. Betri nzima huimudu. Betri iliyobaki na nusu ya chaji haiimudu, hasa kwa kuwa wakati huohuo oili imekuwa nzito na stata inadai mamia ya ampea. Betri ya volti 12 iliyotulia usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikisoma 12.0 usitarajie kitu. Kwa betri zinazofunguliwa vifuniko, kipimo cha asidi husema ukweli zaidi kuliko mita, kwa kuwa humwonyesha mtu chumba kimoja kimoja: kwenye chaji kamili asidi husoma karibu 1.27, na chumba kimoja kikiwa nyuma sana ya vingine, betri hiyo imekwisha hata kama volti zake zinapendeza.

Malori mengi ya Kijapani ya rika hilo hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa mfululizo, na hapa kuna desturi ambayo ningependa ikome. Mtu hununua redio ya volti 12, au soketi ya kuchajia simu, na fundi wa umeme, badala ya kufunga kipunguza volti, huchukua umeme kutoka betri moja tu. Betri hiyo hutumika kila siku huku mwenzake akipumzika, na kwa kuwa alternata huzichaji zote mbili kama kitu kimoja, ile inayotumika haijai kamwe na ile nyingine huzidishiwa chaji hadi maji yake yakauke. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimeharibika, kila moja kwa njia yake. Mwenye lori huambiwa kwamba betri za siku hizi hazidumu. Zingedumu. Kipunguza volti ni bei ndogo sana ukikilinganisha na betri mbili, na yeyote anayefanya kazi ya umeme wa magari anapaswa kukataa kazi hiyo bila kifaa hicho.

Umeme pia hupotea kwenye kebo. Waya wa ardhi unaotoka betri kwenda chesisi, na ule unaotoka chesisi kwenda injini, hula kutu chini ya boliti ambako hakuna anayeangalia, hasa kwenye malori yanayobeba mboga zinazotiririsha maji. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, si kwenye taminali ya kebo, na ncha nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mtu apige stata. Mita isizidi nusu volti. Ikisoma volti moja na nusu, kiasi hicho kimeibwa kabla hakijafika kwenye stata, na betri mpya haitakirudisha. Spana, msasa na grisi vitakirudisha. Rudia kipimo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti ya stata. Ni kazi ya robo saa, na nimeiona ikifufua malori ambayo wenyewe walikuwa tayari wameanza kutafuta pesa za stata mpya.

Oili hupewa nafasi ndogo katika mazungumzo haya kuliko inavyostahili. Injini ikianza kuchoka na kutoa moshi, baadhi ya watu hubadilisha oili ya 15W-40, ambayo haiwi nzito sana kwenye baridi, wakaweka oili nzito ya daraja moja, namba 40 au hata 50, ili taa ya presha isiwake na moshi upungue. Katika joto la mchana ujanja huo huonekana kufaulu. Alfajiri ya Kinangop oili hiyo huishika injini kwa nguvu, stata huzunguka polepole, na ile hewa iliyobanwa hupata muda wa kutoroka kupitia ringi zilezile zilizokuwa zikifichwa. Lori linalolala mlimani linahitaji 15W-40 inayobadilishwa kwa wakati wake, na kama haliwezi kuivumilia, injini inahitaji kufunguliwa.

Baada ya hayo yote kurekebishwa, bado kuna njia za kulisaidia lori usiku bila umeme, na zinazofaa zaidi ni zile zinazofanywa jioni. Marubani wa Alaska wa enzi za ndege ndogo walimwaga oili ya injini ikiwa moto, wakalala nayo karibu na jiko, na kuirudisha asubuhi. Kwetu si lazima kwenda mbali hivyo. Kuingiza betri ndani ya nyumba kunatosha kwa kiasi kikubwa, na madereva wengi tayari hufanya hivyo kwa kuogopa wezi. Betri iliyolala jikoni kwenye nyuzi 18 huamka na nguvu kuliko iliyolala kwenye chesisi. Egesha lori mahali palipokingwa upepo, mbele yake ikielekea mteremko. Ikiwezekana, funika sehemu ya injini kwa turubai mara tu baada ya kuzima, ili joto la safari likae ndani kwa saa kadhaa.

Maji ya moto ndiyo msaada mkubwa kuliko wote, yakitumiwa kwa akili. Injini ya kilo 300 ya chuma iliyopoa hadi nyuzi tano, ikipewa lita kumi za maji yenye nyuzi 80, hutulia kwenye nyuzi 22 hivi, yaani hali ya hewa ya mchana mzuri wa Nairobi. Kosa la kawaida ni kufungulia maji ya rejeta peke yake na kuijaza upya: thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto, imefungwa, na joto kubwa hubaki kwenye rejeta bila kufika kwenye silinda. Fungua bomba la kutolea maji lililo kwenye bloku, kinga maji yenye dawa ya kuzuia kutu kwenye ndoo safi, yapashe moto hayohayo bila kuyachemsha, kisha yarudishe taratibu ili yaingie kwenye bloku kwa mpira wa chini. Subiri dakika kumi kabla ya kupiga stata. Usimwage maji ya moto juu ya pampu ya mafuta kwa nje. Ndani yake kuna vyuma vilivyoshonana kwa nafasi ndogo mno, na kimoja kikitanuka kabla ya kingine vinaweza kukwama.

Moto wa makaa chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, sikubaliani nao. Najua umetumika tangu zamani, na najua wapo wanaoapa kwamba haujawahi kuwadhuru. Lakini sampu ya lori kuukuu huwa imelowa oili, mipira ya dizeli iko karibu, na mtu aliyechoka saa nane usiku si mlinzi mzuri wa moto. Mkulima aliyekupa ua wa kuegesha lori ana nyumba na ghala karibu.

Dawa ya kupuliza ya etha ni hatari ya namna nyingine. Etha hujiwasha kwenye nyuzi 160 hivi, chini sana ya dizeli, kwa hiyo hulipuka mapema wakati pistoni ingali inapanda, na mshtuko huo huvunja ringi na kupinda mikono ya pistoni. Kwenye injini yenye hita plagi inayong'aa kwa nyuzi zaidi ya 800, etha inaweza kulipuka ndani ya manifoldi usoni pa anayepuliza. Kitambaa kilicholowa petroli mdomoni mwa filta ya hewa ni hatari ileile kwa bei nafuu. Lori lililozoeshwa etha huharibika mgandamizo, na mgandamizo ukiharibika linahitaji etha zaidi. Kuhusu kuchanganya mafuta ya taa, watu wa nchi za baridi hufanya hivyo kwa sababu ya nta. Kwa dereva wa Kinangop faida hiyo haipo. Anachopata ni pampu inayokosa ulainisho ambao dizeli huipa. Wapo pia wauzaji walioyachanganya kwa faida yao, hadi serikali ikaanza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018 ili kuzuia uchakachuaji huo. Nunua dizeli kwenye kituo unachokiamini, na ujaze jioni, ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji ndani ya tangi tupu.

Wakati wa kupiga stata ukifika, washa hita, ngoja taa izime, rudia mara ya pili, kisha kanyaga klachi hadi mwisho ili stata isilazimike kuzungusha oili nzito ya giaboksi. Usizidishe sekunde kumi na tano kwa pigo moja, na upumzishe stata dakika moja au mbili kabla ya pigo linalofuata. Lori likiwa mteremkoni na betri zikiwa zimechoka, gia ya pili au ya tatu huweza kuliwasha, mradi umeme unaobaki unatosha kufungua ile solenoidi ya mafuta. Bila hiyo utafika chini ya mteremko injini ikiwa kimya vilevile, pengine ukiwa umefunga njia ya watu. Likishawaka, usikanyage mafuta. Acha presha ya oili ipande, lipe dakika moja au mbili, kisha ondoka polepole, kwa kuwa injini hupata joto haraka zaidi ikifanya kazi nyepesi kuliko ikisimama nusu saa ikinguruma.

Na thamostati irudishwe. Mafundi wengi wa jua kali huiondoa lori linapochemsha maji na hawairudishi tena. Lori lisilo nayo hushuka kutoka Njabini hadi Limuru bila injini kufikia joto lake la kazi, mafuta yasiyoungua huosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili, ringi huisha, na ubovu utakaodaiwa kuwa baridi mwaka ujao huwa umeanza kutengenezwa kwenye safari hiyohiyo. Kama lori linachemsha maji, tafuta sababu kwenye rejeta, kwenye pampu ya maji au kwenye gasketi ya kichwa.

Anayetaka kununua lori la zamani anaweza kuutumia msimu huu kwa faida yake. Wauzaji hupenda kuliwasha kabla mnunuzi hajafika, na lori lenye joto huficha karibu kila kitu nilichokitaja. Fika mapema kuliko mlivyoahidiana, ikiwezekana kabla ya jua kuchomoza, na uguse bloku kwa mkono kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine bila kutangaza saa. Ikiwa imepoa, mwombe muuzaji apige stata huku wewe ukiwa nyuma, ukiangalia rangi ya moshi, ukihesabu sekunde na ukisikiliza kama silinda zote zinashika pamoja au mojawapo inachelewa. Akikuambia kwamba Julai malori yote huwa hivyo, toa kwenye bei yake gharama ya kuifungua injini, kisha ndipo muanze kuzungumza.